TAHADHARI: themostati "orijino" inayochemshwa mbele ya macho yako, Dodoma

Mbukwenyi wana Dodoma. Tangu Jumapili najiambia nilimeze hili, nitachekwa. Basi nichekeni. Nimepigwa, tena nikiwa nimekodoa macho yote mawili, na aliyenipiga alinivutia kiti kwanza nikae.

Kigari changu mnakijua, ile Corolla ya 1998, sirudii historia yake. Na ubishi wetu wa themostati, kile kidude kinachozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka yapate moto, mnaukumbuka: fundi aliitoa miaka miwili iliyopita, akasema nchi ya joto hii ya nini, nikakubali. Tangu hapo mshale wa temperecha haukuwahi kufika katikati, hasa asubuhi za Juni na Julai, na mafuta yalikuwa yanakwenda kama natilia kwenye pipa lililotoboka. Nikasema narudisha, na nafunga mwenyewe nyumbani. Shemeji wa Area D, najua unachotaka kusema. Leo naomba unyamaze.

Ijumaa jioni nikaingia mtaa ule wa spea. Jina la duka silitaji, nimeshaambiwa nikitaja kabla ya kwenda polisi najitafutia kesi. Jamaa ni wa makamo, shati limepigwa pasi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. "Karibu mwalimu." Amenijulia wapi kuwa ni mwalimu? Nadhani aliona wino mwekundu kidoleni, nilikuwa nimetoka kusahihisha. Akaweka mezani vitu viwili. "Hii ya Mchina, elfu kumi na mbili. Ukiitaka nakuuzia ila roho itaniuma. Hii orijino, elfu arobaini na tano."

Nikaguna. Si nilishawahi kupigwa kwenye betri! Jamaa akacheka, akasema maneno ambayo mpaka leo yananiunguza: "Usiniamini mimi, mwalimu. Amini maji."

Akavuta birika la umeme chini ya meza, akafungua mfuniko, akaitumbukiza ile orijino ikiwa imefungwa uzi. Tukasubiri. Akaniuliza habari za shule. Maji yalipoanza kunguruma akaninong'oneza, "Chungulia." Nikachungulia, miwani yangu ikapata ukungu, nikaifuta, nikachungulia tena. Nikaiona jamani. Kile kisahani cha katikati kinashuka polepole, springi inajikunja, mwanya unatanuka mpaka kidole kidogo kingepita. Akaivuta kwa uzi, akaiweka juu ya meza, ikaanza kujifunga yenyewe mbele yangu.

Halafu akanipa somo. Ndani mna nta, ikipata joto inavimba na kusukuma pini, ndiyo maji yanaruhusiwa kupita kwenda kwenye rejeta. Hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Akaongeza kwamba hapa kwetu maji yanachemka kwenye 96 hivi, hayafiki 100, kwa sababu Dodoma tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, lakini 82 inapitwa mapema, kwa hiyo birika linatosha kupima. Nilikuwa nimeshasoma yote hayo kabla sijatoka nyumbani. Kila alichosema kilikuwa kweli! Hapo ndipo aliponimaliza. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mtu amekupimia mali, amekufundisha na fizikia, bado umshuku?

Nikatoa simu nilipe. Akanitajia namba, akainama chini ya meza "nikutafutie boksi lake". Simu ikataka namba ya siri. Nikaangalia simu. Sekunde tano, labda sita. Nilipoinua uso boksi lipo mezani, limefungwa na gundi ya karatasi, jipya kabisa. "Imeingia, mwalimu. Karibu tena."

Jumamosi asubuhi injini ikiwa baridi nikamwaga kulanti, yale maji ya kupoza injini, kwenye beseni (watu mnaoimwaga uani, ile ni sumu na ladha yake tamu, mbwa na mbuzi wanailamba), nikafungua nati mbili za namba 10, nikakwangua uchafu wa zamani kwa wembe. Nikavisha ule mpira wake pembeni, springi nikaielekeza ndani kwenye injini, nikafunga. Kazi safi, hata fundi mwenyewe alikubali baadaye kwamba ufungaji haukuwa na kosa. Nikajaza kulanti, nikawasha mfuniko wa rejeta ukiwa wazi ili hewa itoke. Mshale ukapanda taratibu mpaka katikati, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Nikazima injini nikaita watoto waje waone. Ningeliacha gari liungurume dakika kumi zaidi, ukweli ningeujulia palepale uani. Lakini mimi nilikuwa nashangilia.

Jumapili nampeleka mama mkwe Kongwa. Mama mkwe! Siku zote yeye husema nauli ya basi ipo, mimi nikasema hapana mama, gari sasa ni zima. Tumetoka Kisasa, tunapita Nzuguni mshale umevuka katikati. Nikajiambia ndiyo inafanya kazi. Ihumwa umekaribia nyekundu, najiambia ni kilima, na kilima chenyewe hakipo. Mama kutoka siti ya nyuma: "Baba, hii harufu ya nini?" Nikamjibu, "Vumbi, mama." Mungu anisamehe. Mara boneti likaanza kutoa mvuke kama jiko la harusi.

Na mjue lilipozimia: Mtumba. Mji wa Serikali, mashangingi yananipita hayapunguzi hata mwendo, mimi nimesimama pembeni na mkwe wangu ameshika mwavuli. Nimechemsha Mtumba kwa sababu ya mtumba. Maana ndicho nilichouziwa. Kijana wa bodaboda aligusa mipira ya rejeta tu akajua: wa juu unaunguza, wa chini baridi kama umetoka kwenye mtungi. Maji hayapiti. Mama alipanda basi. Hakusema neno, na bora angesema.

Gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, imekwenda, hedi imepelekwa kwenye mashine kusawazishwa, mpaka juzi nimefikisha laki nne na elfu kumi. Fundi yule yule aliyeitoa themostati miaka miwili iliyopita ndiye aliyefungua. Alinitazama tu.

Ile themostati nilipoitoa nikaichemsha kwenye sufuria ya mayai. Mayai yakaiva, yakapasuka. Yenyewe imefumba kama kobe. Nilipoikwangua, chini ya mng'aro kuna kutu kwenye springi, imesuguliwa msasa ikang'arishwa. Ni kuukuu iliyokufa, imevalishwa boksi jipya! Ya kwenye birika ni moja ile ile, anaichemshia kila mjinga anayeingia.

Jumatatu nikarudi. "Hii si yangu, mwalimu. Risiti iko wapi?" Risiti! Siku ile aliniambia mashine ya EFD haina mtandao, nikajibu haina shida. Mimi ninayewaimbia wanafunzi ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kijana wake pale pembeni akacheka. Huyo kijana naye nimemkariri sura.

Watu hawa wafungiwe duka. Tume ya Ushindani, hii si ndiyo kazi yenu, bidhaa bandia zenye nembo za watu? TBS mko wapi? Breki nazo zinaweza kuuzwa kwa mtindo huu huu, zikakataa kwenye mteremko, ikawa msiba. Huyu mtu asikae ndani wiki moja akatoka anacheka. Alipe hedi, alipe gasketi, alipe na aibu yangu kwa mama mkwe. Akimaliza atumbukizwe yeye kwenye birika, tuone anafunguka kwenye nyuzi ngapi.

Mnaoniuliza dalili: ilikuwa mkononi mwangu, na sikuiona. Kitu kimetoka kwenye maji yanayochemka dakika mbili zilizopita, halafu boksi ni kavu na kilichomo ni cha baridi. Baridi! Nililishika boksi lile njia nzima kwenye bajaji. Ile ya birika ilikuwa na 82 imegongwa kwenye bati na kile kipini kidogo cha kutolea hewa kinachochezacheza. Niliyopewa namba imefutika kwa msasa na kipini hakipo. Jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanamke, duka lina jina jingine kabisa. Basi, ndiyo hayo. Ukinunua, ile ile iliyochemshwa itoke ikiwa imelowa iingie mfukoni mwako, na ukifika nyumbani ichemshe tena kabla hujashika spana.

Kwenye gari sasa imo ya Mchina, ya elfu kumi na mbili, kutoka duka jingine. Niliichemsha mara tatu.

Kesho saa tatu asubuhi naenda kituoni, kidude chenyewe nimekiweka kwenye kopo la siagi. Kama ulinunua pale na boksi bado unalo, usilitupe, nitumie picha leo usiku. Tukiwa wawili au watatu hawezi kusema si yake.