Kuzeesha chuma haraka nyumbani: ununue nini kwanza na nini usiguse kabisa

Wadau, watu wengi siku hizi wanataka kibao cha duka au miguu ya meza iwe na ile sura ya chuma cha zamani kilichoshika kutu, kahawia yenye uchungwa uchungwa, na wanaitaka leo leo. Inawezekana kabisa, tena ndani ya masaa machache, ila hela nyingi zinapotea dukani kwa kununua vibaya, so nawapangia hapa kuanzia ninachokiamini mpaka kile ambacho sitaki hata mkisogelee.

Kabla ya dawa, angalia chuma chenyewe. Nenda na sumaku. Aluminiamu haishiki sumaku na haitoi kutu hata uimwagie nini, na stenlesi nayo achana nayo. Unachotaka ni chuma cheusi, zile shiti na flatibaa wanazonunua mafundi wa kuchomelea. Bati la kuezekea sumaku inashika lakini juu limepakwa zinki, na zinki imewekwa pale kuzuia kutu, kwa hiyo usipoiondoa kwa msasa au kuloweka kwenye siki mpaka mng'ao wote upotee utapulizia hadi uchoke.

Namba moja, na kwangu iko mbali sana na zingine, ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Nusu lita yake, siki nyeupe vijiko 4 vya chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Siki inakwangua uso wa chuma, chumvi inafanya maji yapitishe umeme vizuri, peroksaidi inamwaga oksijeni, na kutu ni chuma kilichokutana na oksijeni na maji, basi. Ukipulizia inatoa povu na rangi unaiona inakuja ukiwa umesimama hapo hapo. Lakini osha kwanza jamani! Shiti mpya ina mafuta ya kiwandani, hata alama ya kidole inaacha doa lisiloshika, kwa hiyo sabuni ya vyombo, msasa, kisha futa na thina. Ikikauka puliza siki tupu mara mbili tatu juani, halafu ndio mchanganyiko, rudia mara 4 au 5 ukiacha ikauke kila mara. Vaa glavu na miwani, fanyia nje, na uliobaki usiufungie kwenye chupa maana unaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka, changanya wa siku hiyo tu.

Ukinunua peroksaidi chukua chupa nyeusi au ya kahawia, mwanga unaiharibu, na soma tarehe. Mi niliwahi kuuziwa iliyokwisha nguvu nikapulizia mchana mzima bila kuona hata doa, toka siku hiyo natia tone kwenye kipande cha kiazi mbatata kibichi, isipotoa povu siitumii. Ile ya saluni msiikimbilie kwa sababu ina nguvu zaidi, ya 20 volyum ni asilimia 6 na ya 40 ni asilimia 12, inaunguza ngozi, na nyingi ni krimu, haipulizwi.

Namba mbili ni siki na chumvi peke yake. Rahisi kwa bei ila inataka siku mbili tatu. Kwa vitu vidogo kama bawaba, misumari na komeo naipenda sana, unaloweka usiku kucha, asubuhi unaanika nje bila kusuuza, na kutu inakuja na mabaka ya asili. Mlioko pwani maji ya bahari ni bure, nyunyiza asubuhi na jioni, grili za madirisha zenu ni ushahidi tosha.

Namba tatu ni rangi, kwa mbao, plastiki au hiyo aluminiamu. Kahawia isiyong'aa, gonga na sponji, na ikiwa bado mbichi nyunyizia mdalasini wa unga, ule ukwaruzo wake unafanana na kutu kweli. Redoksaidi ya mafundi, ile rangi nyekundu wanayopaka kwanza kwenye chuma, siyo mbadala, ile ni ya kuzuia kutu na inakaa rangi moja bapa.

Chini kabisa: maji ya betri na asidi ya kusafishia vyoo. Zinakula chuma haraka, ndiyo, na macho na mapafu pia, halafu asidi iliyobaki inaendelea kula chini ya vanishi. Na kuna watu wanachanganya jiki na siki, HAPANA, ile inatoa gesi ya klorini na chumba kidogo kinatosha kukuua.

Mwisho nunua vanishi isiyong'aa. Suuza kutu na maji, acha ikauke siku nzima, jaribu kwanza upande wa nyuma maana vanishi ya mafuta inaikoleza rangi, kisha pitisha mara mbili. Kwenye kiti au meza usiruke hatua hii, kutu ikiingia kwenye kanzu nyeupe jiki ndio inazidi kuikazia.