Mhubiri na Paulo: njia mbili za kutafuta kuridhika

Katika sura ya 2 ya kitabu chake katika Biblia, Mhubiri anajaribu kila kitu: majumba, mizabibu, dhahabu, waimbaji. Mwishoni anaviita vyote ubatili, ingawa anakiri kwamba hata kula na kunywa kwa furaha hutoka mkononi mwa Mungu.

Mtume Paulo anawaandikia Wafilipi, Wakristo wa mji wa Filipi, akiwa kifungoni. Anasema amejifunza kuwa radhi, ashibe au alale njaa. Amejifunza, hakuzaliwa hivyo, na hilo hunitia moyo. Wala hajifanyi hahitaji watu: zawadi aliyoleta Epafrodito kutoka kwao anaipokea kwa shukrani. Ule mstari wa “nayaweza mambo yote” tunaoubandika kwenye magari unahusu kustahimili uhaba na wingi, si kupata gari.

Aliyepungukiwa ningemfungulia waraka huo wa Paulo kwanza. Mwenye navyo asiyetulia, Mhubiri.