Dobi wa Kirumba na madoa ya mchuzi

Dobi mmoja wa Kirumba, jijini Mwanza, anayajua madoa ya chakula kuliko wengi wanaojitangaza kwa mabango. Kanzu yangu nyeupe iliyomwagikiwa mchuzi wa sato wenye manjano aliisugua kwa sabuni ya mche, na doa lilipogeuka jekundu hakushtuka, kwa kuwa manjano hubadilika rangi yanapokutana na sabuni. Akaisuuza, kisha akaianika juani, ambako mwanga wenyewe hufifisha rangi hiyo. Ikarudi nyeupe kabisa. Kitambaa cha meza chenye doa kongwe la mawese hakikutakata vizuri, ingawa alitoza bei ileile, jambo ambalo sikulipenda. Walakini hapigi pasi nguo ambayo doa halijatoka, kwani joto hulikaza.