Core i7 ya 2012 na N100 ya 2023: usilipie stika

Stika ya "Core i7" bado inauza laptopu. Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi), EliteBook 8470p au ThinkPad T430 iliyostaafu kwenye ofisi za Ulaya huwekwa meza moja na laptopu mpya, nyembamba, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel N100, na mara nyingi bei zake hukaribiana. Muulize muuzaji ipi ina nguvu, atakujibu papo hapo: chukua i7 bosi wangu, hiyo nyingine ni Celeron iliyobadilishwa jina. Kwenye jina hajakosea sana, maana kuanzia 2023 Intel waliachana na majina ya Celeron na Pentium, prosesa zao za bei nafuu, kwenye laptopu, na kundi hilo sasa linaitwa "Intel Processor" basi. Kwenye nguvu amekosea.

Tuanze na karatasi. Core i7-3520M, inayopatikana kwenye laptopu hizo za zamani, ilitoka 2012, ni ya kizazi cha 3 (ndiyo maana ya ile 3 baada ya kistari), imetengenezwa kwa nanomita 22, ina viini 2 (sehemu zinazofanya kazi yenyewe) na kila kiini hubeba kazi mbili kwa mpigo. Kasi yake ya kawaida ni 2.9 GHz, ikijikaza inafika 3.6 GHz. Kache (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ni MB 4, kiwango cha joto wati 35. N100 ilitoka mwanzoni mwa 2023, ina viini 4, kila kimoja na kazi yake, kasi ya juu 3.4 GHz, kache MB 6, kiwango cha joto wati 6.

Viini vya N100 ni vile vidogo ambavyo kwenye prosesa kubwa za kizazi cha 12 hupewa kazi za chinichini, na wajuaji wakisikia hivyo hukunja pua. Vikipimwa, hawana la kukunjia. Kiini kimoja cha N100 kinakwenda sambamba na kiini kimoja cha i7-3520M, tena kinaizidi kidogo japo kasi yake kwa GHz ni ndogo, kwa kuwa kinamaliza kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa. Vikifanya kazi vyote kwa pamoja, N100 inatoa karibu mara mbili. Sababu yake ni nyepesi: ule uwezo wa kiini kimoja kubeba kazi mbili huongeza kama robo hivi ya nguvu, lakini hauzai kiini kipya. Viini vinne halisi ni vinne.

Kwa matumizi ya kila siku, tofauti hiyo huioni ukifungua barua kwenye Word. Utaiona kwenye kikao cha Zoom huku kivinjari kina kurasa 12 na Windows imeamua kukagua virusi saa hiyohiyo. i7-3520M inapiga asilimia 100, sauti inaanza kukatika. N100 inapumua.

Ila pengo kubwa kuliko yote liko kwenye video, na hili wauzaji hawaligusi kabisa. Grafiki ya ndani ya i7-3520M, HD Graphics 4000, inajua kufungua video za H.264, mtindo wa zamani wa kubana video, kwa kifaa chake maalumu. Mitindo mipya haijui: VP9 haijui, HEVC haijui, AV1 ndiyo kabisa haikuwepo wakati inatengenezwa. YouTube leo inapeleka video zake nyingi kwa VP9 na AV1. Kwa hiyo laptopu ya zamani inalazimika kuzifungua kwa nguvu ya viini vyenyewe: feni inavuma, betri inashuka, na ukiweka 1440p picha inarukaruka. Video zilizorekodiwa na simu kwa HEVC nazo hukwama hivyohivyo. N100 inazifungua zote tatu kwa kifaa chake, na viini vinabaki vimetulia.

Hili unaweza kulithibitisha dukani kwa dakika mbili. Fungua video ya YouTube, iweke 1080p, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha, chagua "Stats for nerds". Kwenye mstari wa Codecs, ukiona vp09 au av01, basi video ni ya aina mpya. Avc1 ndiyo H.264. Angalia na mstari unaohesabu fremu zilizodondoka. Namba ikipanda mfululizo, prosesa imezidiwa. Kwa mwenye laptopu ya zamani tayari, dawa ipo: weka kwenye kivinjari kiongezi cha h264ify, kinachoilazimisha YouTube kutoa H.264. Hasara yake ni kwamba hutapata zaidi ya 1080p, na kwa skrini ya 8470p hilo si hasara.

Hizo wati 35 kwa 6 nazo husomwa vibaya. Si kwamba ya zamani inakula wati 35 muda wote. Ikiwa imekaa kimya inakula wati chache tu. Wati hizo ni kipimo cha joto ambalo mtengenezaji wa laptopu anatakiwa ajiandae kuliondoa prosesa ikifanya kazi nzito kwa muda. Hata hivyo kwa mtu wa sola tofauti ni ya kweli, hasa kwenye chaja. 8470p na T430 zinataka chaja ya wati 65 au 90, ya volti 18.5 hadi 20, maana yake utahitaji inveta au kibadilishaji cha kupandisha volti. Laptopu nyingi ndogo za N100 huchajiwa kwa USB-C au kwa chaja ya volti 12, hivyo zinaelewana na betri ya sola bila mzunguko mrefu.

Tahadhari: N100 zote si sawa. Intel inamwachia mtengenezaji aamue prosesa iruhusiwe wati ngapi. Ileile N100 ikiwekwa kwenye bodi nyembamba isiyo na feni na ikafungwa kwenye wati 6, itaanza kwa kasi kisha itashuka ikipata moto. Ikipewa feni na wati 15 inadumu na kasi yake. Pakua HWiNFO, programu ya kupima joto na kasi ya prosesa, ipe laptopu kazi kwa dakika 10, kisha soma wati za prosesa na GHz za mwisho, si za mwanzo. Usiichanganye pia na Celeron N4020 ya 2019, ambayo ina viini 2 tu na kasi ya juu ya 2.8 GHz. Hiyo ndiyo inayostahili dharau ya yule muuzaji. I7-3520M inaipita waziwazi.

Sasa upande ambao mzee anashinda. N100 inatumia njia moja tu ya RAM, na laptopu nyingi zinazoibeba RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi pamoja na hifadhi ya eMMC (ya bei nafuu, ya polepole kuliko SSD). Ukinunua ya GB 4 na eMMC ya GB 64, umefunga ndoa nayo. Windows 11 peke yake inakula sehemu kubwa ya hiyo GB 4, na eMMC inasoma kama MB 250 hadi 300 kwa sekunde. 8470p ina nafasi mbili za RAM ya DDR3 na sehemu ya kawaida ya diski ya inchi 2.5. Weka SSD ya SATA utapata MB 500 na ushee kwa sekunde, na ikifa unabadilisha mwenyewe. Jambo la kuchekesha ni kwamba RAM mbili za DDR3-1600 kwenye i7 ya zamani zinatoa GB 25.6 kwa sekunde, sawasawa kabisa na RAM moja ya DDR4-3200 kwenye N100. Lakini mafundi wengi huuza hizi za zamani zikiwa na RAM moja ya GB 4 au 8, na hapo kasi hiyo ya RAM inakatika nusu. Grafiki, ambayo inatumia RAM hiyohiyo, ndiyo inayoumia kwanza. Mbili za GB 4 ni bora kuliko moja ya GB 8.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: N100 yenye GB 8 na SSD halisi inaishinda i7-3520M kwa kazi za shule, ofisi na video. N100 yenye GB 4 za kuchomelea na eMMC, iache. Bora ya zamani yenye GB 8 na SSD. Na kama unachukua ya zamani, usiongeze hela kwa ajili ya herufi i7. Core i5-3320M ya mwaka huohuo ina viini 2 vilevile, inafika 3.3 GHz na kache yake ni MB 3. Tofauti hiyo huwezi kuihisi kwa mkono. Hela ya ziada ipeleke kwenye betri.

Bajeti ikiruhusu kupanda kidogo, mjadala wote unaisha kwa Core i3-1215U ya 2022: viini 2 vikubwa na 4 vidogo, kasi hadi 4.4 GHz, kache MB 10. Hiyo ni "i3" inayoizidi "i7" ya 2012 zaidi ya mara tatu viini vyote vikifanya kazi.

Upande wa mfumo, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel ya kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). N100 inapita bila maneno. i7-3520M inaweza kuwekewa Windows 11 kwa njia ya panya, kwani ina maagizo ya SSE4.2 ambayo toleo la 24H2 linayataka, lakini Microsoft hawakuahidi chochote na sasisho kubwa la mwaka huenda ukaliweka kwa mkono. Linux Mint au Debian inakaa vizuri kwenye mashine hizi. Ila prosesa hii haina AVX2, maagizo ya baadaye zaidi, hivyo Red Hat Enterprise Linux 10 haiwezi kufunguka juu yake.

Ukinunua ya zamani, hesabu na kubadilisha pesti ya kupozea, kwa sababu iliyokaa miaka kumi na zaidi imekauka. Dalili: ndani ya dakika moja ya kazi nzito HWiNFO inaonyesha nyuzi joto 95 kwenda juu, kisha GHz zinaporomoka. Fungua bomba la shaba linalopoza prosesa kwa kufuata namba zilizochapwa kando ya skrubu, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka tone la upana wa milimita 3 hadi 4 katikati ya kioo cha prosesa (kile kipande kinachong'aa katikati yake). Kioo hicho kiko wazi, hakina kifuniko cha chuma kama prosesa za mezani, kwa hiyo teremsha bomba likiwa limelala sawa. Likigusa kwa kona, kioo kinapasuka na hakuna fundi wa kukiponya. Kaza skrubu kwa kukingama, kidogokidogo.

Na kama joto liko sawa lakini GHz zimeganda kwenye 1.2, hasa kwenye Dell Latitude E6430 ya umri huohuo, tazama chaja kabla ya kuigusa prosesa. Pini ya katikati ya chaja ya Dell ndiyo inayoitambulisha kwa laptopu. Chaja feki, au pini iliyopinda, laptopu inaikataa: betri haichajiwi na prosesa inabanwa makusudi. Chomoa chaja, washa kwa betri. GHz zikipanda, umeshajua cha kununua.