TAHADHARI: Anauza sili kuukuu za shafti ya boti kama mpya

Ndugu zangu wenye boti za injini ya ndani, yule fundi anayezunguka chelezoni, pale boti zinapopandishwa kutengenezwa, na sanduku lake la sili za shafti (pete za mpira zinazozuia maji kuingia pale shafti ya propela inapotokea nje ya boti) ni tapeli, na ninaona haya kuyaandika haya kwa kuwa wengi wenu mnanijua kama mtu asiyenunua kipuri bila kukikagua. Boti yangu ilikuwa imeanza kuvuja kwenye shafti, na masaibu yake tangu hapo wengi mnayafahamu, kwa hiyo siyarudii.

Alipokuja, boti ilikuwa imeshapandishwa na kaplini, yaani kiungo cha shafti na injini, imeshatolewa. Hakukimbilia kuuza. Aliifuta shafti kwa kitambaa, akaipima unene kwa venia, kile kipimo cha mkono, mahali kadhaa, kisha akanitaka nipitishe ukucha pale mdomo wa sili, yaani ukingo wake wa ndani unaobana shafti, unapokalia, ili nijihakikishie kuwa chuma hakijachimbika, maana shafti iliyochimbika huvujisha hata ikivikwa sili mpya. Maneno hayo ni ya kweli na fundi yeyote mzuri angeyasema. Ndipo akatoa boksi lililobandikwa utepe pande zote, akalichana mbele ya macho yangu, na ndani ya mfuko wa nailoni mlikuwa na sili iliyopakwa grisi nyingi kiasi kwamba mpira wenyewe hauonekani. Akanisomea kipimo kilichochapwa ubavuni mwa sili, milimita 30, sawasawa na shafti yangu. Kabla ya kuivisha alizungushia utepe laini juu ya mfereji wa kii, ule mkato wa kufungia kaplini kwenye shafti, ili kingo zake zisiukate mdomo wa mpira. Mtu anayelinda mdomo wa sili kwa uangalifu wa namna hiyo, nani angemdhania mwizi? Nikamlipa fedha yote papo hapo, naye akaniombea dua akaenda zake.

Mwanzoni palikuwa pakavu kabisa. Kisha, tukiwa mbali na pwani, pampu ya ngama, inayotoa maji ya chini ya sakafu ya boti, ikaanza kuvuta maji bila kupumzika, na nilipoinua mbao za sakafu nilikuta maji yameshafika kwenye kapi ya injini, nayo kapi inayarusha hadi juu ya stata na altaneta. Wanaotumia kamba za kufungashia shafti badala ya sili wamezoea matone machache kwa dakika, lakini sili ya mdomo inapaswa kuwa kavu, na hii yangu ilikuwa inachirizika. Tulirudi kwa mwendo wa chini huku vijana wakifua maji kwa ndoo.

Sili ilipotolewa na kuoshwa kwa dizeli, kila kitu kilijionyesha. Mdomo wa sili mpya una ukingo mkali. Huu ulikuwa umelika na kuwa bapa, wenye ukanda unaong'aa kuzunguka duara zima. Springi inayoubana mdomo, ambayo kwa maji ya chumvi hutakiwa iwe ya chuma kisichoshika kutu, ilikuwa imebadilishwa kwa ya chuma cha kawaida, imekatika, na sehemu yake imegeuka unga wa kahawia. Nilipompigia simu, alithubutu kuniambia kwamba shafti yangu imepinda, ilhali fundi mwingine ameizungusha kwenye saa ya kupimia, kifaa kinachoonyesha shafti ikiwa imepinda, na kuikuta imenyooka. Tangu hapo hapokei simu yangu.

Sasa ninaelewa kwa nini alisisitiza kuondoka na sili yangu ya zamani, eti anisaidie kuitupa. Hizo sili zetu ndizo bidhaa zake! Huzikusanya, huzisafisha, huzitia springi za kuokoteza na kuzificha ndani ya grisi, kisha humuuzia mwenye boti anayefuata. Boksi lake halina namba ya kipuri, bali kipimo kilichoandikwa kwa kalamu, wala risiti haitoi. Futeni grisi kabla ya kulipa, mwutazame mdomo, na sili yenu ya zamani ibaki mikononi mwenu.

Mtu huyu hafai kuonywa tu. Anajua fika kwamba tundu la shafti liko chini ya maji na kwamba sili ikiachia, wanaozama ni watu, kwa hiyo ashitakiwe, azuiwe kukanyaga chelezo lolote, na arudishe fedha ya kila mmoja wetu. Aliyeuziwa naye anitafute twende polisi pamoja tukiwa na sili zenyewe mkononi, na yeyote ambaye sili yake ilifungwa na mtu huyu asitie boti majini kabla ya kuifungua na kuikagua.