Uzoefu wangu na geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye Hilux ya kabureta

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya petroli ya 22R, lita 2.4, inayotumia kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini. Makazi yake ni Dar es Salaam, lakini mara kwa mara hupanda Iringa likiwa na mzigo. Nililifungia geji ya kidijitali ya milimita 52 pamoja na sensa ya oksijeni ya Bosch LSU 4.9, kwa sababu kila fundi aliyeigusa kabureta yake aliirekebisha kwa sikio na kwa kuangalia rangi ya plagi, na kila mmoja aliniachia gari lenye tabia tofauti. Kwa mwenye gari la aina hii, naiona geji hii kuwa ununuzi wenye manufaa kuliko vifaa vingi vya urembo na nguvu vinavyouzwa madukani, ilimradi ifungwe vizuri na isomwe kwa akili.

Anayetaka kununua atambue kwanza kwamba sensa hizi ni za aina mbili. Ile ya kawaida, ambayo ilianza kufungwa kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, hutoa umeme wa takribani volti 0.1 hadi 0.9 na kubadilika ghafla pale mchanganyiko unapovuka uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Inakueleza kwamba mafuta yamezidi au hewa imezidi, lakini haikuelezi yamezidi kwa kiasi gani, na geji inayotegemea sensa hiyo huishia kuchezesha taa tu. LSU 4.9 ni ya wigo mpana: inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kumpa dereva tarakimu halisi ya uwiano huo, kuanzia karibu 10 hadi karibu 20 kwenye geji nyingi, na kwa kabureta tarakimu hiyo ndiyo inayohitajika.

Ufungaji ndio unaoamua kama utaridhika. Fundi wa kuchomelea alitoboa ekzosi sehemu iliyo mbele kidogo baada ya manifodi na kuchomelea nati ya kushikia sensa, akiielekeza juu ili sensa isilale. Inatakiwa iinuke angalau nyuzi 10 kutoka usawa wa ardhi, kwa kuwa maji yanayojikusanya ndani ya ekzosi asubuhi yakigusa kauri iliyo ndani ya sensa, yenye joto la karibu nyuzi 780 za Selsiasi huipasua. Joto hilo hutoka kwenye hita ya sensa yenyewe, hivyo umeme wake upite kwenye fyuzi na rilei (swichi ya umeme) yake, usidokolewe kwenye waya wa redio. Pia hakikisheni ekzosi haivuji popote kabla ya sensa, kwani hewa ya nje ikipenya hapo geji itasema hewa imezidi hata kama kabureta haina kosa.

Faida kubwa niliiona kwenye mlima wa Kitonga, njiani kwenda Iringa. Hilux hii ikirekebishwa vizuri Dar es Salaam, katika mwendo wa kawaida barabarani geji husimama karibu na 14. Ukishapita Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda, tarakimu huanza kushuka pole pole, na ukifika Iringa, takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa mwendo uleule inasoma karibu 13. Hewa ya juu ni nyepesi, ilhali jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopitisha mafuta, ni zilezile, kwa hiyo injini inapata mafuta mengi kuliko hewa inayoweza kuyachoma. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiambiwa gari "linachoka" milimani. Sasa najua ni kiasi gani cha uchovu huo kinatokana na kabureta, na fundi wangu wa Iringa anajua jeti ya ukubwa gani inalifaa gari linalokaa huko moja kwa moja.

Jambo la pili ni dogo lakini limenifurahisha zaidi. Gari lilikuwa na tabia ya kusita ukikanyaga mafuta ghafla, na watu walikuwa wakilaumu taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche. Geji ilionyesha kwamba kila unapokanyaga, tarakimu inaruka hadi 17 kwa sekunde moja hivi, kisha inarudi. Hiyo ni dalili ya pampu ya kabureta isiyorusha mafuta ya kutosha. Raba yake ilibadilishwa, mruko ukapungua, na kusita kukaisha.

Hata hivyo geji haimwondoi fundi. Injini ikimisi kwa sababu ya waya mbovu wa plagi, oksijeni ambayo haikuchomwa hutoka nayo, na sensa inaihesabu kama hewa iliyozidi; anayeamini tarakimu peke yake ataongeza mafuta mahali ambapo tatizo ni cheche. Kwa hiyo plagi, nyaya na taimingi vikaguliwe kwanza, kisha silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), na mwisho jeti. Mimi naridhika na 13.5 hadi 14 kwenye silensa, na 12.5 hadi 13 mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, kwa sababu injini isiyo na turbo hutoa nguvu nzuri hapo bila kujichoma.

Dosari zipo. Jua la mchana likipiga dashibodi tarakimu hazisomeki vizuri, na huchezacheza kiasi kwamba mduara wa taa ulioizunguka geji husaidia zaidi ukiwa mwendoni. Mwenye gari la EFI, yaani linalorusha mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta, likiwa salama simshauri atoboe ekzosi. Kifaa cha kawaida cha kusomea kompyuta ya gari kitamwonyesha ni kwa asilimia ngapi kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, na mara nyingi hilo linatosha.

Sensa ni kitu cha kuisha, na bei yake ni sehemu kubwa ya gharama nzima. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikiziua haraka, iliondolewa katika nchi za Kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini gundi za silikoni zisizo maalumu kwa sensa na injini inayochoma oili bado huzimaliza. Na geji ikiharibika, ing'oeni sensa na kuziba tundu kwa bolti, kwa sababu sensa iliyokaa kwenye moshi bila umeme wa kuipasha joto huziba kwa masizi na kufa.