Durham au Chartres?

Kanisa kuu la Durham, Uingereza, lilianza kujengwa mwaka 1093. Dari yake ya mawe inabebwa na kuta nene na nguzo za mviringo ambazo watu watatu hawatoshi kuzikumbatia, nyingine zimechongwa mistari ya zigizaga kuanzia chini hadi juu.

Chartres, Ufaransa, lilijengwa upya baada ya moto wa 1194. Huko mihimili ya mawe imewekwa nje, inaegemea ukuta kama mtu anayezuia mlango kwa bega. Hiyo ndiyo inayopokea msukumo wa dari yenye kimo cha mita 37 hivi, kwa hiyo ukuta ukafunguliwa madirisha makubwa. Jua likipiga, buluu ya vioo humwagika sakafuni.

Kwa mwanga, Chartres haina mpinzani. Mimi bado nachagua Durham: mbavu za mawe za dari yake, yaani matao membamba yanayoishikilia, miongoni mwa za kwanza Ulaya, ziliwatangulia mafundi wa Chartres kwa karibu miaka mia.